Kitanda Chako Nilichokigawa

Ibadakuli, jirani na uwanja wa ndege,
Manispaa ya Shinyanga.
Tarehe 9 Machi, 2025.

Mpendwa mwanangu Luka,

Mwangaluka, kama bado unaikumbuka lugha ya kwenu. Kama umeisahau, basi habari za asubuhi, ingawa sijui barua hii itakukuta asubuhi au jioni, maana huko Hong Kong mliko jua linatangulia. Hujambo? Mwili mzima? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kimetulia? Na je, unakula? Hilo la kula safari hii nauliza kweli kweli, siyo kama tunavyoulizana kwenye simu, wewe ukajibu "nimeshiba mama mdogo" nami nikaridhika.

Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Baba yako mdogo mguu wake umepona, ila bado anachechemea kukiwa na kazi ya shamba. Akiitwa kwenye bao anatembea wima kama askari. Mvua zilianza kwa mbwembwe zikakatika katikati, mahindi yamekauka ncha, lakini viazi na choroko vitatutoa. Yule ng'ombe jike mwekundu uliyepewa na babu yako amezaa ndama jike pia, mwenye baka jeupe kwenye paji. Loveness mdogo wako kamwita Hong Kong. Nimemkataza, hasikii, sasa hata wachungaji wanamwita hivyo.

Utashangaa kuletewa barua ya karatasi wakati simu ninayo. Simu yangu, mwanangu, ni kisima cha kijiji, kila mtu anachota. Kaka yako Gregory, akiwa nyumbani, ndiye ananiwekea vocha na kunisomea ujumbe nikikosa miwani. Baba yako mdogo anasikiliza kila sauti inayoingia, na jirani akipita naye anauliza "nani huyo?" Ninayotaka kukuambia hayafai kusikilizwa na sebule nzima. Ndiyo maana nimejifungia hapa kwenye meza ya cherehani, nimewaambia napiga hesabu za kikoba. Barua anaileta Khushbu, binti wa mzee Jashvant, mwenye duka ninakochukua vitenge vya kuuza sokoni. Binti naye anasoma huko huko kwenu, alikuja likizo, na Alhamisi anarudi. Nimempa pia kifuko cha michembe ya viazi vikavu na karanga. Chemsha michembe usiku mmoja uone kama hujalia.

Sasa Luka, nina aibu. Naiandika hivyo hivyo kwa sababu nimeshachana karatasi mbili nikiizungukazunguka. Nina aibu mbele yako, na kwa umri huu sikutegemea kuona haya mbele ya mtoto niliyempaka mafuta.

Ni habari ya Mwigulu. Wewe ulimjulia mlangoni, sijawahi kukueleza vizuri aliingiaje. Mama yake ndiye mwenyekiti wa kikoba chetu, mama mwenye sauti na mwenye uwezo, na kijana wake ananunua dhahabu Katoro. Mwaka jana alitaka kwenda China kutafuta mashine za kusaga mawe, akaambiwa itabidi akae kwanza Hong Kong kusubiri viza ya kuingilia China bara. Basi kwenye kikao chetu Mama Mwigulu akauliza kama kuna mwenye mtu wake huko. Mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema, "Mwanangu Luka yuko huko, ana nyumba."

Nyumba! Nilikuwa nimekumbuka ile picha uliyotuma umesimama mbele ya jengo refu mpaka juu limekatika. Nilikuwa nimewaonyesha wote. Nilijua chuo kimekupa chumba kimoja tu humo, uliniambia, lakini neno chumba halikutoka, lilitoka neno nyumba. Akina mama wakanipigia makofi. Mama Mwigulu akanisogezea kiti karibu na chake, na mimi nikakaa. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mtu mwingine aliyeko ng'ambo ya bahari.

Na sikukuuliza. Unajua kwetu. Kumuuliza ndugu "je, mgeni aje?" ni kama kumwambia unamdhania mchoyo. Mgeni anafungiwa karanga kwenye mfuko, anaelekezwa njia, anakwenda. Mwenye nyumba akimwona anafurahi, anachinja, anampa kitanda chake, yeye analala kwenye ngozi ya ng'ombe, na kesho hamuulizi ataondoka lini. Hivyo nilivyolelewa na hivyo nilivyokulea. Nikakupigia simu Mwigulu akiwa tayari hewani. Ulinyamaza kidogo, nikadhani ni mtandao.

Alisema atakaa wiki moja. Alikaa karibu miezi miwili, kisha viza ikatoka akaenda zake China, na mwezi uliopita ndipo amerudi nyumbani. Alikuja hapa kunisalimia, amependeza, ameniletea chupa ya chai inayoonyesha joto kwa namba. Sebule ilijaa. Mama yake alikuwepo, akina mama wa kikoba walikuwepo, na Gregory alikuwa ameshuka kutoka machimboni Rwamgasa. Nikapika chai ya maziwa, Mwigulu akaanza kusimulia, na yule kijana anajua kusimulia.

"Mama Gregory, huyo Luka wenu amekuwa bahili mpaka basi!" akasema. "Anakwenda dukani wakati wanataka kufunga, anasimama pale anasubiri mikate ibandikwe bei iliyoshushwa. Nguo anafua kwa mikono kwenye ndoo na mashine ipo pale chini! Basi halipandi, anatembea tu, mimi nikamwambia kaka, hata Katoro tuna bodaboda."

Watu wakacheka. Akaeleza jinsi joto la huko lilivyomshinda, akawa anawasha mashine ya ubaridi asubuhi mpaka asubuhi, nawe ukiingia unaitazama ukutani, husemi kitu. Akaeleza ulivyokuwa unapima mchele kwa kikombe kidogo cha chai, yeye akakuonea huruma, akauchukua mfuko akapika sufuria zima mkashiba kiume. Kesho yake akapika tena. Watu wakazidi kucheka. Luka, nami nilicheka. Nilicheka kuliko wote, kwa sababu mwanangu alikuwa anatajwa mbele ya watu.

Ndipo akasema, "Lakini kusoma, kijana anasoma! Tangu nifike mpaka naondoka hakulala chumbani hata siku moja. Kila usiku ananiachia kitanda, anabeba begi, anasema anakwenda maktaba kusoma. Anarudi asubuhi macho mekundu, anaoga, anakwenda darasani."

Mama Mwigulu akapiga kigelegele. Mmoja akasema mtoto kama huyo atakuja kuwa waziri. Wote wakanigeukia mimi wanipongeze.

Wewe? Usiku? Umekaa kwangu miaka yote ya sekondari. Nani asiyejua kwamba giza likishaingia wewe ni gogo? Umewahi kusinzia na kijiko mdomoni. Mitihani yako yote ulijisomea alfajiri, na mimi ndiye niliyekuwa nakuamsha kwa kukutupia kanga usoni. Watu wanapiga makofi, mimi nimeshika kikombe. Nilikuwa nimeelewa. Hukuwa unasoma. Hukuwa na pa kulala.

Nikamsindikiza Mwigulu mwenyewe mpaka barabarani, nikamwambia mama yake atangulie. Nikamuuliza chumba kikoje. Akasema kitanda kimoja cha mtu mmoja, meza, na nafasi ya kuweka miguu. "Ukifungua mlango, kitanda kinakupokea," akasema, bado anacheka. Nikamuuliza kama hakuna mtu aliyewahi kuwasumbua. Akakuna kichwa. Akasema kuna mama mmoja wa pale, mwenye funguo nyingi kiunoni, aligonga siku moja akamkuta amelala mchana. Akakuita, akaongea na wewe pale koridoni, nawe ukawa unainamisha kichwa tu. Nikakuona kabisa, kama ulivyokuwa unainamisha hapa ukisemwa na baba yako mdogo.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Mimi kile Kiingereza chao sikielewi, mama. Luka alisema wakimkuta na mgeni tena wanamtoa. Lakini akaniambia nisijali, nikae, niwe tu natoka kimya."

Nikamuuliza, kwa upole niliouokota sijui wapi, kama alikuachia chochote kwa chakula ulichompa. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilitaka, mama. Hela nilikuwa nayo, nimeishika mkononi kabisa siku ya kuaga. Halafu nikaona nitamtukana. Mtu umlipe kwa kulala kwake, kama hotelini?"

Unaona? Siwezi hata kumkasirikia. Ni mtoto wa watu mwenye adabu, amefanya vile vile alivyofundishwa na mama yake, na vile vile ningemfundisha mimi. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko Hong Kong jembe ungelipata wapi? Kule kwetu mgeni akikaa miezi miwili analima, anachunga, anateka maji, analea na watoto, hata hamhisi. Huko alikuwa anakula mchele wako na kuunguza umeme wako, na wewe unazunguka na begi kama mtu aliyefukuzwa kwao.

Usiku ule nilikupigia, unakumbuka. Nilikuuliza moja kwa moja. Ukasema, "Hamna shida mama mdogo, yameisha." Hapo nina ugomvi na wewe pia, acha niuseme nimalize. Nani kakwambia uvumilie mpaka kufikia hapo? Kidomo chako kilikwenda wapi? Ulipokuwa hapa ulikuwa unanijibu mpaka nakutafutia fimbo, leo unashindwa kuniambia mama mdogo, mtu wako ananitoa chumbani? Halafu hasira ikapoa nikaanza kujijibu mwenyewe. Aliyekufundisha kwamba mgeni halalamikiwi ni mimi. Nilikufundisha kwa mdomo, na mara nyingine kwa fimbo ile ile.

Ada wafadhili wanalipa, hilo najua. Chakula, nauli na umeme ni juu yako, uliniambia hivyo siku ya kwanza, nami nikasikia kama mtu anayesikia habari za mvua ya nchi nyingine. Nilidhani ukiwa Ulaya au China au popote kwenye maghorofa, hela inakuja yenyewe. Ulipotutumia ile hela ya Krismasi nikanunua kitenge na viatu vya Loveness, na sikujiuliza imetoka wapi. Sasa najua imetoka kwenye ile mikate ya jioni. Viatu hivyo Loveness akivivaa natazama pembeni.

Baada ya hapo nikaenda dukani kwa Jashvant, nikangoja wateja wapungue, nikamuuliza mke wake, Hiral, habari za maisha ya huko. Tumefahamiana naye miaka mingi, lakini ni mtu wa maneno machache. Akaniambia chumba cha kupanga nje ya chuo, kile cha kubana magoti, kodi yake ya mwezi ni ile ninayolipa mimi kwa fremu yangu ya sokoni mwaka mzima. Nilikaa kwenye robota la vitenge bila kualikwa. Kumbe wakikutoa hapo ulipo, huna pengine pa kwenda. Kumbe masomo yako yote yamening'inia kwenye kile kitanda nilichokuwa nakigawa kama maandazi.

Nikamuuliza, "Na Khushbu wenu anaishije?"

"Anakaa kwa kaka yangu."

"Afadhali nyie mna ndugu wenye nafasi."

"Tunalipa," akasema Hiral. "Kila mwezi, chumba na chakula."

"Unamlipa kaka yako? Wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja. Pale kila kitanda kina bei, Mama Gregory. Nikilipa, wifi yangu anampenda mtoto. Nisipolipa, atamhesabia vijiko."

Mwaka jana ningeisikia habari hiyo, ningeibeba mpaka kikobani tukaicheka, tukasema hawa wenzetu kweli wana mioyo ya chuma. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba Khushbu analala usiku kucha kwenye kitanda chake, na wewe hukulala.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu. Gregory anakuja huko.

Utakuwa umesikia lile duara, shimo walilokuwa wanachimba Rwamgasa na wenzake, hatimaye limetema dhahabu. Kwenye mgao wa mifuko ya mawe alipata yake, akasaga, akauza, na kwa mara ya kwanza tangu aingie machimboni ana hela ya kueleweka. Tulishukuru Mungu, tulifanya hata sala hapa nyumbani. Lakini ile hadithi ya Mwigulu aliisikia na yeye, na wewe unamjua kaka yako. Mimi nilisikia mtoto asiye na pa kulala, yeye alisikia malazi ya bure. Amekata tiketi. Anaondoka wiki moja kabla ya Pasaka, anakuja kununua simu aje afungue duka Katoro. Amepiga hesabu zote, mzigo, ushuru, mpaka suti ya kushukia. Nikamuuliza mbona kwenye malazi ameweka sifuri. Akasema, "Si kwa Luka."

Nikamwambia, "Kwa Luka hapalaliki, mwanangu. Wakimkuta na mgeni wanamtoa."

"Mbona Mwigulu alilala? Mwigulu ni nani kwake?"

"Ndiyo maana ameonywa."

"Mama, mimi na Luka tumelala kitanda kimoja, hapa hapa. Alikuwa anajigeuza kama mtumbwi, nikavumilia. Leo nikamwombe ruhusa? Yeye mwenyewe umemuuliza? Amesema nisije?"

Hujasema asije, na hutasema. Nikaenda kwa baba yako mdogo nikidhani atanisaidia, akanigeuka. Akasema nataka mtoto wake akalale gesti ugenini kama mtu asiye na kwao, na kwamba Luka mwenyewe ataona tumemtenga. Anakupenda, usimwelewe vibaya. Kwa akili yake kukuletea mgeni ni kukuheshimu. Nilijaribu tena juzi, nikamwekea Gregory kwenye begi karatasi yenye jina la gesti. Nimeikuta kwenye kapu la taka, ameikunja vizuri kabisa, hata hakuirarua.

Kwa hiyo nimebaki na wewe.

Sikiliza vizuri, na usome mara mbili. Gregory hana shida. Mkanda wa kuwekea hela nimeushona mimi mwenyewe kwenye cherehani hii, nimeushika, najua uzito wake. Akilala gesti wiki zote atakazokaa, duka atafungua vile vile, labda na simu chache pungufu. Suti anaweza kuiacha. Khushbu anaijua gesti wanakofikia wafanyabiashara wa kutoka kwetu, atakuelekeza, tena amesema ataongea nao wamwekee chumba. Kwa hiyo mtu asije akakwambia nimemtupa mwanangu barabarani. Pa kulala anapo. Anachotaka ni kulala juu ya masomo yako.

Akifika, shuka wewe chini umlaki. Msalimie, mkumbatie, mpe maji, mnunulie chai kama mfuko unaruhusu, mpeleke gesti mpaka akabidhiwe ufunguo. Lakini begi lake lisivuke kizingiti chako. Begi likishaingia ndani, nakujua wewe na najua tulivyo sote: hakuna Msukuma anayejua kumtolea mgeni begi nje. Akikufuata mlangoni akagonga, usimfungulie. Nasema tena kwa mkono wangu mwenyewe, mimi niliyemzaa. Usimfungulie Gregory.

Na lile la kulala kitanda kimoja, atakukumbusha, najua, maana alinikumbusha mimi. Usilipokee kama deni. Kitanda kile hakikuwa cha Gregory. Nilikinunua mimi kwa hela ya pamba, nikawalaza wote wawili, na sikumwandikia mtu deni. Kama kuna mtu anayepaswa kudai, ni mimi, na mimi sidai. Lawama zote za huku niachie. Wakisema Luka amekuwa Mzungu, nitawaambia aliyemkataza ni mimi. Kwenye kikoba nimeshaanza. Wiki iliyopita nilisimama nikawaambia Luka hana nyumba, ana chumba kimoja, na kitanda nilichompa Mwigulu kilikuwa cha kwake peke yake. Hakuna aliyepiga makofi. Baada ya kikao Mama Mwigulu alinishika mkono. Kiti changu nimekirudisha kule nyuma nilikokuwa.

Kwa mama yako bado. Dada Rhoda anatamba na wewe soko zima la Katoro, hata muuza nyanya anajua una lifti. Nimeshindwa kumwambia kwenye simu kwamba mwanawe alizunguka usiku kwa sababu ya mdomo wa mdogo wake. Aliponikabidhi wewe ukiwa na sanduku la bati, aliniambia maneno machache tu, nimtunzie. Jumamosi nitapanda gari niende, nikae naye jikoni nimweleze uso kwa uso. Akinitukana nitakuwa nimestahili, akilia tutalia wote.

Baba yako mdogo anakusalimu sana, ingawa hajui kama nakuandikia. Loveness anakusalimu, anauliza kama ni kweli huko mnapanda ngazi zinazotembea zenyewe. Bibi yako kule kijijini anasema hajambo, anakuombea, na anataka ukirudi umletee miwani, siyo mke. Msalimie Khushbu, umshukuru kwa mzigo wangu. Nisalimie pia rafiki yako yule wa Zambia mnayenunua naye mchele gunia moja. Mwambie kuna mama Shinyanga anamjua kwa jina. Mungu aliyekuvusha mpaka huko akulinde, akupe usingizi mzito kama wa zamani na mtihani mwepesi.

Limebaki moja, na hili ndilo gumu. Najijua, Luka. Sasa hivi nina nguvu kwa sababu niko peke yangu na kalamu. Siku hiyo Gregory atanipigia akiwa hapo mlangoni kwako, ataniambia mama, Luka amenifungia, niko nje na begi, na nitaisikia sauti yake kama alivyokuwa mdogo. Nitalia. Baba yake atakuwa amesimama pembeni yangu. Nitasahau kila neno nililoliandika humu, na nitakupigia kukusihi umfungulie ndugu yako, nitakuapia kwa kaburi la babu yako.

Nakuomba, mwanangu. Siku hiyo usipokee simu yangu.

Ni mimi nikupendaye, na leo nikuoneaye haya,
Mama yako mdogo,
Esta